Maembe ya pwani: aina gani upande, uyapate wapi na kila moja uliandae vipi

Ukienda sokoni usianze kuuliza embe bei gani, anza kuuliza hili ni embe gani. Dodo sio bolibo na bolibo sio epo, kila moja lina msimu wake, lina kazi yake jikoni na lina tabia yake shambani, na mtu akishalijua hilo malalamiko mengi ya "maembe ya siku hizi hayana ladha" yanaisha yenyewe, maana mara nyingi embe halina kosa lolote, ni kwamba umenunua la juisi ukataka kulikata vipande, au umenunua lililochumwa changa ukalilazimisha liive.

Nitaongelea zaidi ukanda wetu huu kuanzia Mkuranga, Rufiji, Bagamoyo, Tanga, kuvuka mpaka Mombasa, Kilifi, Malindi mpaka Lamu, pamoja na Unguja na Pemba, manake huku ndo kuna aina nyingi za zamani zenye majina yetu wenyewe. Bara nako yako, Tabora inasifika kwa maembe toka enzi za misafara, na Ujiji kule Kigoma ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe, na miembe iliyopo pale sasa inaelezwa ilitokana na ule ule kwa kubebesha, yaani kuunganisha kijitawi cha mti mmoja kwenye mche wa mwingine. Embe lenyewe asili yake ni Asia ya kusini, lilifika kwetu na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, lakini limekaa sana mpaka limekuwa la hapa.

Sasa aina.

Dodo ndo mfalme wa Dar. Kubwa, zito mkononi, nene, likiiva linakuwa la kijani kinachoelekea njano, nyama yake ya njano imeshikana, na karibu na kokwa kuna nyuzi kidogo. Uzuri wa dodo ni kwamba linaliwa hatua zote, bichi kabisa na chumvi na pilipili, lile la katikati ambalo ndani limeanza njano lakini bado linakatika kwa meno, na bivu kabisa. Ukiniambia nichague mti mmoja tu wa nyumbani kwa familia yenye watoto ntachagua dodo bila kufikiria mara mbili.

Bolibo, wengine boribo, ni refu, limepinda kidogo, na ukilikata nyama ni rangi ya chungwa iliyokolea, harufu yake inajaza chumba. Hili usiliharibu kwa sukari wala kwa kitu chochote, likate ulile.

Ngowe unalijua kwa macho tu, refu, jembamba, na kwenye ncha limejikunja kama mdomo wa kasuku. Watu wa Lamu ndo wenyewe hapa, halina nyuzi za kusumbua na ngozi yake ni laini. Epo lenyewe ni la duara, linatokana na maeneo ya Malindi, likiiva linapata njano yenye wekundu upande uliopigwa na jua, na ndilo Kenya wanalosafirisha kwa wingi kwenda nchi za Ghuba. Tamu sana ila mti wake unaugua haraka, nitarudi kwenye hilo.

Alafu kuna sindano, dogo dogo hivi, kuna sikio la punda, kuna batawi kwa watu wa Mombasa, Unguja wana viringe lao na embe muyuni. Na kuna yale ya kienyeji ya nyuzi ambayo hayana jina kubwa, ambayo hukati kwa kisu, unalibinyabinya taratibu mpaka ndani kuwe uji, unatoboa tundu juu na jino, unanyonya. Watu wanayadharau lakini kwa juisi yana ladha kali kuliko mengi ya bei, na mti wake ndo unaotoa mche mama mgumu wa kubebeshea aina nyingine, kwa hiyo heshima yake ipo.

Ya kisasa ni kina Kent, Keitt, Tommy Atkins na Haden, haya asili yake ni Florida kule Marekani, na Makueni, Machakos, Embu na Meru wameyapanda sana pamoja na epo. Tommy ni jekundu la kupendeza, ngumu, linavumilia safari na kukaa dukani, lakini utamu sio wake na lina nyuzi. Kent ndo tamu kati ya hayo, nyama laini. Keitt lina kitu kimoja cha kulijua, linachelewa msimu na likiiva linaweza kubaki kijani, sasa watu wanasubiri liwe jekundu mpaka linaoza mezani. Kwa Keitt tumia kidole, usitumie macho.

Na embe ng'ong'o, ambalo visiwani wengine wanaliita embe sakua, sio embe hasa, ni ndugu wa familia moja tu, kokwa yake ina miiba ya nyuzi. Hili ulile bichi na chumvi na pilipili, usilitegemee kwa kingine.

Kuyapata na kuyachagua

Msimu mkubwa wa pwani ni kuanzia Novemba mpaka Februari, na katikati ya mwaka huwa kuna kamsimu kadogo, sio miti yote. Bei ya chini kabisa unaipata Desemba kuelekea Januari, kipindi hicho barabara ya Kilwa ukitokea Mkuranga ni fungu kwa fungu pembeni ya lami. Kwa Dar mi napenda Temeke Stereo na Buguruni asubuhi sana magari yanaposhusha, Zanzibar Darajani na Mwanakwerekwe, Mombasa Kongowea. Ukitaka mengi nunua kwa tenga, lakini omba likufunguliwe mpaka chini kabla hujalipa, maana juu huwa yamepangwa yale mazuri ya kuonwa.

Embe lililokomaa utalijua kwenye mabega. Lishike wima uangalie pale kikonyo kilipoingia, kama nyama imejaa imepanda juu pembeni ya kikonyo na kikonyo kiko kama ndani ya kishimo, hilo limekomaa hata kama ni la kijani tupu na litaiva vizuri nyumbani. Kama mabega yameshuka, limechongoka kuelekea kikonyo, hilo limechumwa changa, litanywea na kukunjamana ngozi, litalainika, lakini tamu haliwi hata umwombee. Harufu inusie pale pale kwenye kikonyo, sio kwenye ubavu. Na angalia vidoa vidogo kama umechoma na pini vyenye unyevunyevu pembeni, hapo nzi wa matunda ametaga na ndani kuna funza.

Kuhusu kuivisha, tafadhali sana, yale yanayovundikwa na kabaidi, ile kemikali ya kuivisha haraka, myaache. Yanakuwa njano moja iliyo sawa pande zote kama yamepakwa rangi, juu laini ndani gumu na chachu, na ile kabaidi ya viwandani huwa inabeba mabaki ya sumu kama aseniki. Huhitaji dawa. Weka maembe yaliyokomaa kwenye boksi au kiroba na ndizi mbivu mbili tatu, funika, weka pasipo jua, kila siku chungulia utoe yaliyo tayari, siku chache tu kazi imeisha. Ndizi ikiiva inatoa gesi ile ile ambayo embe lenyewe linaitoa. Na embe ambalo halijaiva usilitie kwenye friji, baridi inaliua, linabaki gumu na madoa meusi, liache nje liive ndipo uliingize.

Kuupanda mwembe

Hapa kuna swali moja kubwa, kokwa au mche wa kubebesha? Kokwa ya dodo na nyingi za kienyeji zinatoa miche kadhaa kwenye kokwa moja, na mingi kati ya hiyo inafanana na mama, kwa hiyo ukipanda kokwa ya dodo zuri una nafasi nzuri ya kupata dodo. Kokwa ya epo, Kent au Tommy inatoa mche mmoja, na huo ni mtoto wa baba na mama, unaweza kuzaa kitu tofauti kabisa. Na muda nao, wa kokwa utasubiri miaka 6 mpaka 8 hivi, wa kubebesha miaka 3 au 4 unakula. Mtu akikuuzia mche wa epo uangalie shina, chini kidogo uwe na kovu la kuunganishwa, hamna kovu hamna epo.

Kubebesha unaweza kufanya mwenyewe na sio uchawi. Chukua kokwa za embe la kienyeji, mpya, usizikaushe juani. Osha, kisha kwa mkasi wa kukatia miti kata ukingo wa ganda taratibu ulipanue utoe mbegu iliyoko ndani, ambayo ina umbo kama figo. Ukiona tundu na unga mweusi ndani tupa, hapo kuna fukusi wa embe. Mbegu nzuri ilaze kwenye kiroba cha udongo na samadi, mgongo uliopinda uangalie juu, fukia kidogo tu, ndani ya wiki mbili tatu inachomoza. Ukipanda na ganda lake nayo inaota ila inachelewa na mizizi mingine inajipinda.

Mche ukifika unene wa penseli ndo unabebesha. Kikonyo cha kubebeshea kichukue kwenye mti unaozaa, ambao umekula matunda yake, tawi la ncha lenye unene ule ule, macho yake yamevimba lakini hayajafunguka. Siku kadhaa kabla ya kukikata punguza majani yake ukiwa bado mtini ili macho yaamke. Kata mche mama juu kama sentimita 20 hivi kutoka chini, pasua katikati sentimita 3 au 4, kichonge kikonyo pande mbili kama kabari, tumbukiza, na hakikisha ganda la upande mmoja angalau limekutana na ganda la mwenzie, kisha funga kwa nailoni kwa kukaza, juu vika mfuko mwembamba wa plastiki unyevu usitoke. Kivulini. Kisu kiwe kikali kama wembe na kisafi, usichezee sehemu ulizochonga kwa vidole. Wiki tatu nne ukiona macho yanatoa majani ya rangi ya zambarau, toa mfuko. Machipukizi yanayotoka chini ya ulipofunga yang'oe kila mara, hayo ni ya kienyeji na yataiba chakula chote.

Na kama una mwembe mzee mkubwa hauzai vizuri usiufyeke. Ukate matawi, ubaki na moja la kupumulia, acha machipukizi yatoke, chagua machache yaliyokaa vizuri kila upande na uyabebeshe. Humo humo unaweza ukaweka bolibo huku, epo kule, Keitt la kuchelewa upande mwingine, mti mmoja ukakulisha miezi mingi. Hii naipenda kuliko kitu chochote kwenye habari ya miembe na sielewi kwanini haifanywi kila nyumba yenye uwanja.

Shimo chimba sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uweke kando, uchanganye na madebe mawili ya samadi iliyooza, urudishe, panda mvua zikianza. Nafasi mita 10 kwa 10 kwa hii mikubwa ya kwetu, watu hawaamini wakiona mche wa mkono mmoja, miaka kumi baadae wana msitu na hamna jua linaloingia. Pale ulipoungia pawe juu ya udongo. Miaka miwili ya mwanzo maua yakitoka yavunje, inauma lakini mti ujenge mwili kwanza. Ukifika kama mita moja kata ncha utawanyike, usiuache uende juu kama mnazi.

Mwembe unataka ukame na kaubaridi kidogo ili utoe maua, miezi miwili mitatu bila maji, ndo maana kumwagilia mwaka mzima ukidhani unausaidia kunaishia kwenye majani mazuri matupu. Na mvua ikipiga wakati wa maua hapo ndo ugonjwa unaingia. Sisi pwani tuna unyevu hewani, kwa hiyo epo hapa linapata shida ya chule, yale madoa meusi yanayounguza maua na kuozesha tunda, pamoja na ubwiriunga, ule unga mweupe kwenye maua. Ubwiriunga watu wa korosho wanaujua vizuri, wanautibu kwa salfa, na kwenye mwembe ni hiyo hiyo. Chule inataka dawa ya kopa (shaba) kabla na wakati wa maua kuanza. Kama huna mpango wa kupiga dawa, kaa na dodo na ngowe za eneo lako, na epo waachie watu wa Makueni kwenye hewa kavu.

Nzi wa matunda ndo adui mkubwa sasa hivi. Yule aliyetoka Asia alionekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2003 akasambaa nchi nyingi za Afrika kwa kasi, na ni sababu mojawapo Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, wakarudi 2021. Dawa ya kwanza ni usafi, kila embe lililoanguka liokote siku hiyo hiyo, weka kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga, acha juani siku kadhaa funza wafe, au zika kina kirefu, sio kulisukuma na mguu chini ya mti. Mitego ya chambo cha kuvuta madume ipo kwenye maduka ya pembejeo. Na maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, msiwachome! Wanakera wakati wa kuchuma lakini mti wenye maji moto wengi nzi hawatagi kwa raha. Chuma asubuhi wakiwa wametulia, paka majivu mikononi.

Wakati wa kuchuma kata na kikonyo cha sentimita chache, kisha ligeuze kichwa chini juu ya majani utomvu udondoke. Ule utomvu unaunguza, ukigusa mdomo unatoka vidonda na ukitiririka kwenye embe linapata doa jeusi. Usitikise mti, embe lililodondoka chini linaoza kuanzia lilipogonga.

Sasa kula

Bivu: osha, lisimamishe, kata mashavu mawili kufuata ubapa wa kokwa, chora miraba kwa kisu bila kutoboa ganda, lipindue. Kokwa mpe mtoto aliyevua shati. Bolibo, ngowe, epo, Kent ndo za kula hivi, liweke kwenye friji kama saa moja kabla, sio zaidi, likiwa baridi sana harufu inapotea.

Juisi: dodo au ya kienyeji, chuja ya kienyeji. Maji kidogo, usiijaze maji alafu ukafidia na sukari. Pasheni mbili tatu zilizochujwa zinaipa uchachu wa kuiamsha, au kipande cha tangawizi.

Bichi ndo mambo yenyewe kwa pwani. Kachumbari: dodo gumu menya, kwaruza au kata nyembamba kama njiti, kitunguu kilichooshwa na chumvi, pilipili mbichi, basi, ndimu haihitajiki, kula na wali na samaki wa kukaanga. Urojo wa Unguja nao uchachu wake unatoka kwenye embe bichi, na wanaoweka ndimu peke yake nawaona lakini sio ile.

Mchuzi wa samaki wa nazi na embe bichi nauelezea kidogo maana wengi wanaukosea. Samaki mpake chumvi, kitunguu saumu na ndimu kidogo mno, kwa sababu uchachu unakuja. Kaanga kitunguu, bizari ya manjano, pilipili, nyanya moja tu. Weka tui la pili, embe bichi lililokatwa vipande vinene na kokwa yake pia, acha lichemke mpaka embe lianze kulainika kingo, ndipo utie samaki. Tui zito linaingia mwisho kabisa, moto mdogo, unakoroga mpaka lipate moto, likitaka kuchemka sana epua, maana tui na uchachu vikichemka pamoja kwa nguvu linakatika. Ngoja dakika kumi kabla ya kupakua.

Achari: maembe mabichi magumu, kata na maganda yake, chumvi ya kutosha na manjano, yalaze usiku mmoja, mwaga maji yaliyotoka, anika juani siku mbili mpaka yasinyae. Pasha mafuta, tia mbegu za haradali, uwatu kidogo, kitunguu saumu, pilipili ya unga, siki, changanya yakipoa. Chupa iwe kavu kabisa, tone la maji tu linaleta ukungu. Ile achari nyekundu tamu inayouzwa pamoja na mabuyu Mombasa ni embe lililokaushwa likapikwa na sukari, pilipili na rangi, nyumbani rangi waweza iacha.

Yakizidi Januari usiyaache yaoze. Menya, kata vipande, panga kwenye sinia yasigusane, gandisha kwanza hivyo hivyo, kisha ndio utie kwenye mifuko na uandike aina na tarehe, ukiyajaza mfukoni kabla hayajaganda utapata jiwe moja utakalolivunja na mchi. Dodo na epo yanagandishwa vizuri, ya nyuzi yasage kabisa uyagandishe uji, na hayo ndo ya juisi ya futari Ramadhani ikiangukia nje ya msimu.